Muhula wa Pumzi: Jee, Uchache wa Wanaopona Unatuondolea Wajibu wa Kutibu?

Shukurani zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu Mtukufu, Muumba wa uhai na mauti, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na Masahaba zake, na kila mwenye kufuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya haya, ndugu msomaji: limetufikia suala kutoka kwa jamaa wa hapa Maskati, watu wenye asili ya Unguja, na tumeona kwamba si lao peke yao. Nyumba nyingi za jamaa zetu, hapa Oman na katika nchi jirani za Ghuba, zina suala mfano wa hili, ila wengine wamelifukia moyoni na wanaona haya kuliuliza. Tumeomba ruhusa ya kulijibu kwa maandishi ili manufaa yake yawe ya wengi. Kwa kuhifadhi hishima za watu hatukutaja jina wala mtaa wala hospitali.

Suala lenyewe

Ilikuwa mwishoni mwa Juni 2021. Maradhi ya korona yalikuwa yamerudi kwa nguvu katika nchi hii, na amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa imerejeshwa tangu tarehe 20 ya mwezi ule. Mama mmoja wa miaka 71, mwenye maradhi ya sukari, alikuwa katika siku yake ya sita hospitalini. Usiku daktari akampigia simu mtoto wake mkubwa, akamwambia kwamba oksijeni ya barakoa haimtoshi tena mama yake, kifua kimechoka, na kwamba wanaona alazwe usingizi kwa dawa na atiwe katika mashine ya kupumulia. Akataka kauli ya wenyewe.

Watoto ni watatu: wanaume wawili walioko Oman na dada yao aliyeko Unguja. Kwa kuwa usiku ule hapakuwa na ruhusa ya kutoka, walishauriana kwa simu. Yule mdogo alikuwa amepelekewa ujumbe wenye kusema kwamba katika kila watu 100 wanaotiwa katika mashine hiyo, 88 hufa. Akasema: "Kaka, mashine hiyo ni mlango wa kaburi. Mwache mama afe kwa stara, na ulimi wake uwe huru kutamka shahada." Mkubwa akajibu kwamba hawezi kuifunga kwa mkono wake njia pekee iliyobakia, akaridhia. Mama alikaa katika mashine siku 19, kisha akafariki. Mwenyezi Mungu amrehemu na amlaze pema.

Tangu siku ile ndugu wawili hawa hawaketi kwenye sinia moja. Mdogo humwambia mkubwa: "Ulimtesa mama bure, na hesabu uliiona." Mkubwa hunyamaza, na ndani ya nafsi yake anaogopa kwamba huenda ndugu yake amesema kweli. Dada yao ndiye aliyetuandikia, akauliza: Nani kati yao aliyekosea? Na jee, mtu akiambiwa kwamba wengi wa wanaotibiwa kwa njia fulani hawaponi, wajibu wa kutibu unamwondokea?

Mashine hii ni kitu gani?

Haifai kutoa hukumu juu ya kitu kabla ya kukifahamu. Maradhi ya korona yakizidi, vile vifuko vidogo vya hewa vilivyomo ndani ya mapafu hujaa uvimbe na maji, na oksijeni huwa haipiti kuingia katika damu. Mgonjwa hupumua kwa kasi na kwa taabu, mfano wa mtu anayepanda jabali bila ya kupumzika, mpaka misuli ya kifua ikashindwa. Hapo ndipo madaktari hupitisha mrija kooni mpaka kwenye njia ya pumzi, na mashine ikawa inasukuma hewa yenye oksijeni kuingia katika mapafu. Kwa kuwa mtu aliye macho ni vigumu kustahamili mrija huo, hulazwa usingizi kwa dawa. Wengine hugeuzwa wakalazwa kifudifudi kwa saa nyingi ili sehemu za mapafu zilizojifunga zipate kufunguka.

Basi fahamu kwamba mashine hii haiui kirusi wala haiponyi mapafu. Kazi yake ni kumpa mgonjwa muhula. Mdaiwa aliyebanwa akipewa muhula, deni lake halikulipwa kwa muhula huo. Lakini wangapi wamelipa madeni yao kwa sababu tu walipewa muhula! Na muhula huu una taabu zake. Nguvu ya hewa huweza kuyadhuru mapafu, maradhi mengine huweza kuingia kwa njia ya mrija, na misuli ya mwenye kulala wiki nyingi hunyong'onyea. Wapo waliotoka wazima wakahitaji miezi kujifunza tena kutembea. Haya ni kweli, na mwenye kuyaficha hakuwatendea watu insafu.

Lakini kuna kosa moja kubwa lililoenea, nalo ni kudhani kwamba mashine ndiyo inayoua, kwa kuwa wengi wa waliokufa walikufa wakiwa nayo. Hawatiwi katika mashine hii isipokuwa watu ambao hali yao imekwisha kuwa mbaya. Chombo kikizama, wanaoshika mbao ni wale waliokwisha kutoswa majini. Mtu akiwahesabu waliookotwa maiti na mbao mikononi, kisha akasema kwamba mbao ndizo zinazozamisha watu, jee, atakuwa amesema kweli?

Khabari haipokelewi mpaka ipimwe

Wanavyuoni wetu wametufundisha kwamba khabari haichukuliwi ovyo. Huulizwa kwanza: nani ameisimulia, ameipokea wapi, na jee, ameisimulia yote au amekata kipande? Kanuni hii haikuwekwa kwa ajili ya mapokezi ya dini peke yake. Hesabu inayokufikia katika simu yako nayo ni khabari, na inataka kupimwa hivyo hivyo.

Tuitazame basi hiyo khabari ya 88 katika 100. Asili yake ipo. Tarehe 22 Aprili 2020 ilichapishwa nchini Marekani ripoti ya wagonjwa 5,700 wa korona waliolazwa katika hospitali za eneo la New York. Miongoni mwao waliotiwa katika mashine walikuwa 1,151. Siku ile ya kufunga hesabu, 282 kati yao walikuwa wamekufa, na 38 walikuwa wametoka hospitali wakiwa hai. Ukiwachukua hao wawili tu, yaani watu 320, waliokufa ni 88 katika 100. Lakini 1,151 ukitoa 320 wanabakia 831. Hao wako wapi? Walikuwa bado wamelala hospitalini, hawajafa wala hawajatoka. Ripoti yenyewe haikuwaficha, na waandishi wake baadaye waliirekebisha namna ya kuieleza hesabu hiyo. Waliobeba khabari kutoka mdomo hadi mdomo ndio walioiacha robo tatu ya watu njiani.

Wazee wetu waliokuwa wakisafiri kwa majahazi baina ya Maskati na Unguja walikuwa wakiijua vyema hukumu ya mtu aliyepotea. Jahazi likichelewa na khabari zake zisijulikane, aliyemo hahesabiwi maiti siku ile, mke wake hakai eda, na mirathi yake haigawanywi, kwa sababu uhai wake ni yakini na kufa kwake ni dhana, na yakini haiondoshwi na shaka. Wale 831 walikuwa mfano wa watu wa jahazi lililochelewa. Aliyetoa hukumu bila ya wao alikuwa amegawa mirathi kabla ya wakati.

Tuje hapa kwetu. Maradhi haya yalitangazwa Oman kwa mara ya kwanza tarehe 24 Februari 2020. Misikiti ikafungwa mwezi wa Machi, Mutrah ikatengwa tarehe 1 Aprili, na mkoa mzima wa Maskati ukafungwa kuanzia tarehe 10 Aprili mpaka mwisho wa Mei. Katika siku hizo za mwanzo madaktari wa Maskati waliandika khabari za watu wazima 63 wa kwanza waliolazwa kwa maradhi hayo katika Hospitali ya Kifalme na Hospitali ya Al Nahda. Kati yao 24 waliingizwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Waliokufa ni 5, na wote watano walikuwa miongoni mwa waliotiwa katika mashine. Lakini katika kila 10 waliotiwa katika mashine, waliokufa walikuwa kiasi cha 3. Hesabu hii iko mbali sana na ile ya 88.

Jee, tuifurahie hesabu hii na tuitangaze? Insafu inatutaka tuipime kwa mizani ile ile. Wagonjwa walikuwa 63. Waliokwisha kupona wakati wa kuandikwa ripoti ni 43, na waliokufa 5. Basi 15 walikuwa bado khatima yao haijajulikana. Tukiikataa khabari ya kutisha kwa kuwa ni pungufu, kisha tukaipokea ya kutuliza na hali nayo ni pungufu, tutakuwa hatukutafuta haki bali tumefuata matamanio ya nafsi zetu.

Baadaye hesabu nyingi zilikusanywa pamoja. Wataalamu walizichukua ripoti 69 za nchi mbali mbali zenye wagonjwa 57,420 waliotiwa katika mashine, wakaona kwamba waliokufa ni kiasi cha 45 katika 100. Na wao pia walitahadharisha kwamba wengi wa wagonjwa hao khatima yao haikuandikwa kikamilifu. Umri nao ulikuwa na athari kubwa: waliozidi miaka 80, waliokufa ni kiasi cha 84 katika 100. Huo ndio ukweli kwa namna tunavyouweza kuujua. Kwa watu wote kwa jumla ni karibu na nusu kwa nusu, na kwa wazee sana tumaini ni dogo. Mlango huo ulikuwa mzito, lakini haukuwa mlango wa kaburi, kwani watu wengi waliingia kwao na wakatoka kwa miguu yao.

Hesabu si kadari

Huenda mtu akasema: "Haya yote ni ya nini? Ajali ya mtu imekwisha kuandikwa, haitangulii wala haichelewi, kwa mashine au bila ya mashine." Neno hili mwanzo wake ni haki, na mwisho wake ni kosa. Kwamba ajali imeandikwa ni itikadi yetu. Lakini hakuna kati yetu aliyesoma alichoandikiwa mtu, na daktari hakukisoma, na hesabu ya New York haikukisoma. Hesabu ni khabari ya yaliyowapata watu fulani, pahala fulani, kwa vifaa fulani. Mwenye kuifanya hesabu kuwa ndiyo kadari amedai kujua katika ghaibu jambo ambalo hakupewa.

Na dalili ya kwamba hesabu si hukumu isiyogeuka ni kwamba imegeuka mbele ya macho yetu. Mwezi wa Juni 2020 utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza ulionesha kwamba dawa ya deksamethasoni, ambayo ni dawa kongwe na ya bei ndogo, ilipunguza vifo vya wagonjwa waliokuwa katika mashine. Waliotibiwa bila ya dawa hiyo walikufa 41 katika 100 ndani ya siku 28. Waliopewa, walikufa 29. Mgonjwa ni yule yule na mashine ni ile ile. Kilichozidi ni ilmu.

Kabla ya hapo, mwaka 1952, mji wa Copenhagen katika nchi ya Denmark ulipatwa na maradhi ya polio yaliyopoozesha misuli ya kupumulia. Katika wiki za mwanzo, kati ya wagonjwa 31 waliopooza namna hiyo walikufa 27. Ndipo daktari mmoja, Bjørn Ibsen, akashauri mgonjwa atiwe mrija katika njia ya pumzi na asukumiwe hewa kwa mfuko unaominywa kwa mkono. Mashine za kazi hiyo hazikuwapo za kutosha, basi wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu usiku na mchana, wakiminya mifuko ile kwa mikono yao, na vifo vikapungua kwa kiasi kikubwa. Mashine ya leo asili yake ni mikono ile. Lau watu wale wangesema kwamba 27 katika 31 wamekufa, na kwa hivyo kazi hii haina maana, leo tusingekuwa na cha kuulizana.

Kinyume chake pia ni funzo. Mwaka 2021 ilichapishwa ripoti ya wagonjwa mahututi wa korona katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika. Karibu nusu yao, 48 katika 100, walikufa ndani ya siku 30, ilhali wastani uliokisiwa katika sehemu nyengine za dunia ulikuwa kiasi cha 31. Waandishi walionesha kwamba uhaba wa vifaa na wa kuvitumia ulikuwa miongoni mwa sababu. Maradhi ni mamoja, lakini mikono haikuwa mimoja. Basi hesabu ya waliokufa, ndugu yangu, hutupima na sisi: tuliandaa nini, na tulisaidiana vipi.

Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa akielekea Sham na akapata khabari ya tauni, aliamua kurejea Madina pamoja na watu wake. Abu Ubaida (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamfahamisha kwamba anaiacha kadari moja na kuiendea kadari nyengine, akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye majani na bonde kavu: popote atakapochunga, atachunga kwa kadari. Kutibu ni kadari, na kuacha kutibu ni kadari. Lakini sisi tutaulizwa ni bonde lipi tulilichagua, na kwa nini.

Watu wa Oman wanaijua mitende. Mche unaouotesha leo haukupi tende kesho, na mwenye kuuotesha akiwa mzee huenda asionje tunda lake. Pamoja na hayo tumefunzwa na Mtume wetu (s.a.w.) kwamba aliye na mche mkononi, hata Kiyama kikimsimamia, akiweza auoteshe. Amali njema haipimwi kwa wingi wa tumaini la kuyaona matunda yake.

Sharia inasema nini?

Wanavyuoni wa zamani walikhitalifiana juu ya kujitibu, na wengi wao waliona kwamba kwa asili ni jambo linalojuzu au linalopendeza, si faradhi, kwa sababu tiba za wakati wao nyingi zilikuwa za kudhania. Lakini hawakuidharau ilmu hii. Hapa Oman, Rustaq ilimtoa tabibu mashuhuri Rashid bin Umeira katika karne ya 16 ya Miladi, aliyetoka katika ukoo wa matabibu na akaacha vitabu vya utabibu.

Katika zama zetu, Baraza la Fikihi ya Kiislamu la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lililitazama jambo hili katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992. Muhtasari wa waliyoyakubali ni kwamba hukumu ya kujitibu hubadilika kwa kubadilika hali. Huwa wajibu pale ambapo kuacha kunapelekea kupotea kwa nafsi au kiungo, au pale ambapo madhara yake yanawafikia wengine. Na kuhusu mgonjwa ambaye hali yake inasemwa kuwa haina tumaini, walieleza kwamba hilo linategemea kauli ya madaktari na vifaa vilivyopo katika kila zama na kila pahala, na hali ya mgonjwa mwenyewe. Hawakuliachia tangazo la simu.

Kuhusu idhini, walisema kwamba mgonjwa mwenye akili timamu ndiye mwenye kauli. Asipokuwa na uwezo huo, kauli ni ya walii wake. Lakini walii anamwakilisha kwa maslaha ya mgonjwa, na kauli yake ya kukataa haizingatiwi pale ambapo madhara yake kwa mgonjwa ni dhahiri. Na katika dharura ambayo uhai umo khatarini, tiba haingojei idhini.

Na ili mtu asivuke mpaka wa upande wa pili, Baraza hilo hilo katika kikao cha Amman mwaka 1986 lilijuzisha kuondolewa kwa mashine hizi pale ambapo ubongo umekufa kabisa, na madaktari mabingwa wakahukumu kwamba hali ile haina kurejea. Hapo kuziondoa si kuua, na kuendelea nazo si wajibu. Vile vile madaktari waaminifu wakisema tangu mwanzo kwamba mashine haitamnufaisha mzee aliyedhoofika, ambaye viungo vyake vingine vimekwisha kushindwa, bali itamzidishia taabu tu, jamaa wakikubali wamsitiri kwa oksijeni ya barakoa na dawa za kumpunguzia maumivu, hatuoni kwamba wamemtupa mgonjwa wao. Tofauti iliyopo ni hii: hao wameacha kwa kauli ya mwenye kumjua mgonjwa, juu ya mgonjwa huyo, na mwengine ameacha kwa khofu iliyotokana na khabari pungufu ya watu wa mbali.

Jawabu kwa ndugu watatu

Tunamwambia dada yetu: kaka yako mkubwa, kwa hali uliyoieleza, hakukosea aliporidhia. Daktari aliyemwona mama ndiye aliyeshauri, tumaini la muhula lilikuwapo, na kuufunga mlango ule kulikuwa ni kufunga mlango wa mwisho. Kwamba mama alifariki baada ya siku 19 hakuligeuzi jambo lililokuwa sawa likawa kosa. Mtu huhukumiwa kwa alichokijua siku ile na kwa nia aliyokuwa nayo, hahukumiwi kwa khatima ambayo ilikuwa mikononi mwa Mola wake. Na lau mama angepona, kupona kwake nako kusingekuwa hoja ya kwamba aliyeridhia ana akili kuliko nduguye.

Na kaka yako mdogo hakusema aliyoyasema kwa uovu. Alimwonea mama yake huruma, na huruma ni haki. Lakini aliijenga juu ya khabari isiyopimwa. Ama khofu yake juu ya shahada, tunamtuliza kwa haya: mwenye kulazwa usingizi kwa dawa kalamu imeinuliwa juu yake, na ulimi uliozibwa na mrija haukuzibwa kwa hiari ya mwenyewe. Mola aliyemsikia mama huyo akisema shahada katika Sala zake tangu utotoni hasubiri mpaka mrija utolewe ndipo amjue kuwa ni mja wake. Na Mtume (s.a.w.) amewahesabu waliokufa kwa tauni miongoni mwa mashahidi, nasi tunataraji kwamba waliokufa kwa maradhi haya, nao wakasubiri, wamo katika fadhila hiyo.

Lakini lipo jambo ambalo hatukuliona katika barua yote ya dada yetu. Hatukuona pahala panaposema kwamba mama mwenyewe aliulizwa. Siku sita alikuwa akizungumza. Watoto watatu walijadiliana juu ya pumzi yake kutoka nyumba tatu, kila mmoja akasema analolijua yeye kuwa ni kheri ya mama, na mwenye pumzi hakuulizwa. Huenda usiku ule hali haikuruhusu. Basi ikiwa lipo la kuomba maghufira, ni hili, na hili ni lenu nyote watatu, si la mmoja. Msilitumie kulaumiana, bali litumieni kufahamu kwamba mlikuwa katika chombo kimoja.

Na ama huku kutoketi kwenye sinia moja, hiki ndicho kitu kilicho kibaya kwa yakini. Kwamba mama aliteswa bure ni dhana. Kwamba udugu umekatwa ni yakini. Vipi mtu ataifuata dhana mpaka imtumbukize katika dhambi ya yakini? Mkubwa na aanze kwa salamu, na mdogo na aseme: "Kaka, nisamehe kwa neno la bure." Na kama mdogo atatangulia, yeye ndiye mwenye fadhila zaidi.

Nasaha kwa kila nyumba

Ndugu msomaji, korona imepungua, lakini mashine hizi zipo na zitaendelea kuwapo, kwa maradhi ya kifua, ya moyo, na kwa ajali za barabarani. Simu ya usiku inaweza kuingia nyumba yoyote. Basi yashike haya kabla haijaingia.

Waulize wazee wako leo, wakiwa wazima na kwa maneno ya upole, wanapenda watendewe nini wakishindwa kusema. Na wewe mwenyewe waeleze watoto wako. Kuulizana huko si mkosi, bali ni katika wasia. Andika madeni na amana.

Daktari akikupa khabari, usimuulize tu: "Wangapi wanapona?" Muulize: "Katika walio mfano wa mgonjwa wangu, kwa umri wake na maradhi yake, mnatarajia nini? Tutajuaje kwamba muhula unamfaa, na lini tutazungumza tena?" Ukihitaji mkalimani wa Kiarabu au Kiingereza, omba, usiridhie wala usikatae jambo hukulifahamu.

Akiambiwa mgonjwa kwamba atalazwa usingizi, na hali ikiruhusu, mpe simu azungumze na watu wake. Muombane radhi na mlakiniane shahada kabla ya mrija kupita, kwani saa hiyo haina badala. Na ukitaka kitanda au mashine kwa mgonjwa wako, usitafute wasta wa kumwondoa aliye na haja kuliko yeye. Naye ana mama na ana watoto.

Na atakayetoka katika chumba kile akiwa hai, usidhani kazi imekwisha. Atahitaji mkono wa kumshika akijifunza kusimama. Muhula ulipatikana kwa mikono ya watu wengi usiowajua. Uliobakia ni mkono wako.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu maiti wetu, awaponye wagonjwa wetu, na aziunganishe nyoyo za ndugu waliotengana. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.